Mateka Wanne wa Livorno: Sanamu ya Italia Mbele ya Fiqhi na Historia

 

Ndugu msomaji, inapotajwa sanaa ya Italia, yaani michoro na masanamu yaliyotengenezwa huko tangu zile zama ambazo Wazungu wanaziita za Mwamko, karne ya 15 na ya 16 Miladia, sisi Waislamu tumezoea kugawanyika. Wako wanaoufunga mlango kwa neno moja la "haramu" kisha wakaendelea na safari yao. Wako walioshangazwa nayo hata wakaona haya kwamba umma wetu haukutoa Michelangelo wala Leonardo. Na wako wanaojitetea kwa kukumbusha kwamba kitabu cha Ibn al-Haytham juu ya nuru na macho kilitafsiriwa, na kwamba Lorenzo Ghiberti, mchongaji mkubwa wa Florence, alikitegemea alipoandika juu ya elimu ya kuona. Hilo la mwisho ni kweli, lakini limekwisha andikwa mara nyingi nami sitalirudia.

Katika makala haya nataka tusimame mbele ya sanamu moja tu, iliyoko bandarini katika mji wa Livorno, kwenye pwani ya magharibi ya Italia, katika nchi ya Toscana. Nimeichagua kwa sababu ndani yake wamo watu wanne waliotengenezwa kwa mfano wa mateka Waislamu, na kwa sababu masuala mawili makubwa ya fiqhi, hukumu ya taswira na wajibu wa kuwakomboa mateka, yanakutana pale kwa namna ambayo sijaiona mahali pengine.

Sanamu yenyewe

Juu kabisa amesimama mtu wa marumaru nyeupe, amevaa mavazi ya vita. Huyo ni Ferdinando wa kwanza wa ukoo wa Medici, aliyekuwa Mtawala Mkuu wa Toscana kuanzia mwaka 1587 hadi alipofariki mwaka 1609. Sehemu hiyo ilichongwa na Giovanni Bandini mwishoni mwa karne ya 16, na kwa kusema kweli haina ajabu. Masanamu ya watawala ya namna hiyo yamejaa Italia nzima.

Ajabu iko chini. Katika pembe nne za nguzo inayomchukua mtawala wameketi watu wanne wa shaba nyeusi, wakubwa kuliko kimo cha kawaida cha binadamu, uchi isipokuwa kitambaa, mikono yao imefungwa nyuma kwa minyororo. Vichwa vyao vimenyolewa, umeachwa utosini ule ushungi wa nywele waliokuwa nao watumwa Waislamu katika merikebu za makasia. Umri wao si mmoja, wala sura zao si moja: yumo ambaye ni dhahiri kuwa ni mtu mweusi wa Afrika, na wengine wanafanana zaidi na watu wa Maghribi. Miili imejipinda kwa uzito wa minyororo, misuli imekaza, na nyuso zimejaa simanzi ambayo hata mtu asiyejua historia yao hawezi kupita bila kuigundua. Watu wa Livorno huiita sanamu hii "Mori Wanne", na neno hilo "Mori" ndilo walilolitumia kwa Waislamu wa Afrika ya Kaskazini na kwa watu weusi pia, bila kupambanua sana.

Aliyewatengeneza hao wanne ni Pietro Tacca, mzaliwa wa Carrara, mji wa marumaru, na mwanafunzi wa Giambologna aliyekuwa bingwa wa kusubu shaba katika Florence. Amri ilitoka kwa Cosimo wa pili, mwana wa Ferdinando, na mateka hao wa shaba waliwekwa mahali pao kati ya mwaka 1623 na 1626, yaani miaka ya 1030 na kitu Hijria.

Ferdinando alikuwa nani?

Hapa msomaji na avumilie kidogo, kwani mtu huyu hakuwa adui wa kawaida. Ferdinando alifanywa Kadinali wa Kanisa la Roma angali kijana mdogo. Akiwa Kadinali, mwaka 1584, alianzisha kwa fedha zake kiwanda cha kupiga chapa vitabu kwa herufi za Kiarabu mjini Roma, kikaendeshwa na mwanachuoni aliyeitwa Giovan Battista Raimondi. Walianza na Injili kwa Kiarabu, na makusudio ya kuwavuta watu wa Mashariki kwenye Ukristo hayakufichwa. Lakini kiwanda hicho hicho kilitoa mwaka 1592 kitabu cha jiografia cha Sharif al-Idrisi, na mwaka 1593 kikatoa Al-Qanun ya Ibn Sina, kwa Kiarabu chake, kwa herufi nzuri mno. Maana yake ni kwamba kitabu kikuu cha tiba cha Waislamu kilipigwa chapa Roma kwa mali ya Medici zaidi ya miaka mia moja kabla ya Ibrahim Müteferrika kufungua kiwanda chake Istanbul.

Mwaka huo huo wa 1593, Ferdinando, ambaye sasa alikwisha uacha ukadinali na kuwa mtawala, alitoa hati mashuhuri ya Livorno. Hati hiyo iliwakaribisha wafanyabiashara wa kila taifa waje kukaa mjini humo kwa amani na mali zao, na ikayataja mataifa kwa majina: Wagiriki, Mayahudi, Waarmeni, Waajemi, na wakiwemo Waturuki na Mori. Hao Mori hao hao!

Upande wa pili wa mtu huyu ulikuwa majini. Baba yake, Cosimo wa kwanza, aliunda shirika la wapiganaji wa baharini lililoitwa la Santo Stefano, Papa akalithibitisha mwaka 1562, na kazi yake ilikuwa kuwinda merikebu na vijiji vya Waislamu katika bahari ya Mediterania. Makao yake yalikuwa Pisa, na hadi leo bendera walizoziteka kwa Waturuki zimetundikwa ndani ya kanisa lao pale. Chini ya Ferdinando shirika hili lilifikia kilele chake. Mwezi Septemba 1607, sawa na mwaka 1016 Hijria, merikebu zake ziliuvamia mji wa Bona, ambao leo ni Annaba katika Algeria. Waliuawa watu wapatao 470 na wakachukuliwa mateka wapatao 1,500, wanaume kwa wanawake na watoto, wakapelekwa Livorno.

Na mara baada ya hapo sanaa ikaingia kazini. Katika jumba la Pitti mjini Florence kuna chumba kinachoitwa mpaka leo Chumba cha Bona, ambacho Bernardino Poccetti alikichora kuta zake kwa picha za uvamizi huo. Mtalii hulipa kiingilio akatazama rangi. Wachache huuliza Bona ni wapi.

Kutoka mwilini hadi kwenye shaba

Habari za namna Tacca alivyofanya kazi yake tunazipata kwa Filippo Baldinucci, aliyeandika habari za wasanii wa Toscana katika karne hiyo hiyo ya 17. Anaeleza kwamba Tacca alikwenda Livorno, kwenye jengo walimofungwa watumwa, akaruhusiwa kuwachagua aliowaona wana maumbile mazuri zaidi, na akachukua mifano kutoka kwenye miili yao yenyewe. Baldinucci amemtaja mmoja kwa lakabu yake, Morgiano, akamsifu kwa kimo na uzuri wa kila kiungo chake.

Jina hilo, masikioni mwetu, linasikika kama Murjani, ambalo kwa Kiswahili tunasema marijani. Ni jina la kito cha baharini, na ni jina ambalo mabwana wa Kiislamu nao waliwapa watumwa wao mara kwa mara. Kwa hiyo haiwi mbali kwamba mtu huyu alikuwa mtumwa kabla hata ya kutekwa.

Kusubu sanamu kubwa ya shaba ni kazi ya mafundi wengi na ya hatari. Fundi hutengeneza kwanza kiini cha udongo, akakivika nta yenye unene wa ukuta wa shaba anayoitaka, na juu ya nta hiyo ndiko anakochora kila mshipa na kila unywele. Kisha huizungushia kalibu ya udongo yenye mirija, akaipasha moto mpaka nta yote ikayeyuka na kutoka, ikabaki nafasi tupu yenye umbo la mtu. Katika nafasi hiyo humiminwa shaba nyekundu iliyochanganywa na bati, ikiwa imeyeyuka kama maji. Hewa ikizuiliwa mahali, au shaba ikipoa mapema, kazi ya miezi huharibika kwa dakika chache. Kwa hiyo kinachoonekana Livorno leo asili yake ni nta iliyofuata miili ya watu waliokuwa hai, waliosimama wakiwa hawana hiari.

Jengo lile walimofungwa liliitwa Bagno. Usiku walifungiwa humo. Mchana baadhi yao walipelekwa kwenye ujenzi wa bandari, wengine waliruhusiwa kufanya vibiashara vidogo karibu na gati, unyozi na uchuuzi, ili wapate fedha ambayo sehemu yake iliwaendea mabwana. Majira ya vita walifungwa kwenye makasia. Ndani ya Bagno walikuwa na mahali pa kuswalia, si kwa huruma tupu, bali kwa sababu Algiers na Tunis nako walikuwako mateka Wakristo wenye makanisa yao ndani ya magereza, na kila upande ulijua kwamba ukikaza na wenzao wangekazwa.

Haki inatulazimisha tuseme hili bila kuficha. Majahazi ya Algiers, Tunis, Tripoli na Sale yaliwateka Wakristo kwa maelfu, na hata Miguel de Cervantes, mwandishi mkubwa wa Hispania, alikaa Algiers akiwa mateka kuanzia mwaka 1575 hadi 1580. Tofauti ninayoiona si katika kuteka. Tofauti ni kwamba hakuna mtawala wa Algiers aliyesubu mateka wake kwa shaba akawakalisha chini ya miguu yake bandarini.

Minyororo kama pambo

Tacca hakulizua wazo hili. Michelangelo alikwisha chonga watumwa kwa ajili ya kaburi la Papa Julius wa pili; wawili wako Paris katika jumba la Louvre na wanne ambao hawakukamilika wako Florence. Lakini watumwa wa Michelangelo hawana taifa wala dini. Ni mwili wa mwanadamu unaohangaika, na wafasiri wamebishana karne nyingi juu ya maana yake. Baada yake watawala wakaipenda ile sura wakaishusha kutoka kwenye fumbo hadi kwenye siasa. Mjini Paris sanamu ya mfalme Henri wa nne iliwekewa mateka wanne miguuni mwaka 1618, kazi ya wanafunzi wengine wa shule ile ile ya Giambologna. Katika Venice, ndani ya kanisa la Frari, kaburi la mtawala Giovanni Pesaro la mwaka 1669 limebebwa mabegani na watu weusi wakubwa wenye nguo zilizochanika. Kanisani, msomaji, mahali pa ibada.

Na shaba yenyewe ilikuwa na safari zake. Mwaka 1508 Michelangelo alimaliza sanamu kubwa ya shaba ya Papa Julius na ikawekwa juu ya mlango wa kanisa kuu la Bologna. Mwaka 1511 maadui wa Papa walipoushika mji waliiangusha, na mtawala wa Ferrara akaisubu ikawa mzinga, akaupa jina la Giulia kwa kumkejeli Papa. Florence waliendea njia kinyume. Sanamu ya Ferdinando akiwa juu ya farasi, iliyoanzwa na Giambologna na kumaliziwa na Tacca, na kusimamishwa mwaka 1608, ilitengenezwa kwa shaba ya mizinga iliyotekwa kwa Waturuki, na maandishi yaliyo kwenye mkanda wa tumbo la farasi yanalitangaza jambo hilo kwa majivuno. Mzinga ukawa mtawala.

Wanavyuoni wanasemaje?

Tuingie sasa katika hukumu. Hadithi zilizothibiti juu ya waundaji wa taswira ni nyingi na ni kali, na hakuna haja ya kuzinukuu hapa kwani ziko mikononi mwa wasomaji, katika Bukhari na Muslim. Wanavyuoni walipozichambua wamepata ndani yake sababu zaidi ya moja. Ya kwanza ni khofu ya ibada na kutukuza kulikovuka mpaka, kama ilivyo katika mapokezi ya Ibn Abbas (r.a.) kuhusu wale waliotajwa katika Surat Nuh, aya ya 23, kwamba walikuwa watu wema, wakawekewa masanamu ya ukumbusho, na vizazi vya baadaye vikawaabudu. Ya pili ni kuiga uumbaji wa Mwenyezi Mungu, na hii ndiyo iliyotajwa waziwazi katika baadhi ya hadithi.

Imam an-Nawawi, ambaye ndiye tegemeo letu sisi Mashafii wa mwambao, amesema kwamba kutengeneza sura ya chenye roho ni haramu, iwe ina kivuli au haina, na ametofautisha baina ya kutengeneza na kutumia kile kinachokanyagwa au kutwezwa. Ushahidi wa tofauti hiyo ni pazia la Bibi Aisha (r.a.), ambalo lilikatwa likafanywa mito. Wamaliki wamekaza juu ya kilicho na mwili na kivuli, na kwa kisicho na kivuli wengi wao wamekomea kwenye karaha. Wanavyuoni wengi wa Kijaafari nao wamepambanua baina ya sanamu lenye mwili na mchoro. Kwa hiyo katika kazi ya Tacca hakuna nafasi ya khitilafu kubwa: ni viumbe wenye roho, wametimia viungo, wana mwili na kivuli. Mafundi wetu wa nakshi wa Lamu na Unguja waliishi ndani ya hukumu hii, wakachonga maua na maandishi kwenye milango, na sijui kama kuna aliyeona kwamba milango hiyo ina upungufu.

Hata hivyo historia ya Waislamu wenyewe haikwenda sawasawa na vitabu vya fiqhi. Pale Pisa, maili chache kutoka Livorno, juu ya paa la kanisa kuu palikuwa na mnyama wa shaba mwenye mbawa na kichwa cha ndege, akakaa huko hadi mwaka 1828. Yuko jumba la makumbusho sasa. Kimo chake ni zaidi ya mita moja, na ubavuni ana maandishi ya Kikufi ya kumtakia baraka mwenye kummiliki. Ni kazi ya Waislamu ya karibu karne ya 11. Mwenye kudai kwamba Waislamu hawakupata kusubu sanamu aende akamtazame.

Mtu aliyelikabili suala hili moja kwa moja kuhusiana na Italia ni Sheikh Muhammad Abduh. Akiwa Mufti wa Misri alizuru kisiwa cha Sicily mwaka 1903, akaandika habari za safari yake katika Al-Manar, gazeti la mwanafunzi wake Rashid Rida. Alishangazwa na jinsi watu wa huko wanavyohifadhi michoro na masanamu, akautaja mfano wa Raphael na thamani kubwa ya kazi zake katika majumba ya makumbusho. Aliufananisha mchoro na shairi, kwamba huu huonekana na lile husikiwa, fikra ambayo Leonardo aliwahi kuiandika karne nne kabla yake. Kisha akatoa rai yake: kwamba hadithi zilikuja katika zama za kuabudu masanamu, kwamba khofu hiyo ikiondoka basi sura hubaki kuwa chombo cha elimu, na kwamba kuzuia kwa kuwa inaweza kutumika vibaya ni sawa na kuuzuia ulimi kwa kuwa unaweza kusema uwongo. Akatukaripia pia kwamba sisi hatuhifadhi kitu, hata vitabu vya wanavyuoni wetu tunavitafuta Ulaya.

Jumhuri ya wanavyuoni haikukubaliana na Sheikh, na naona hoja yao ina nguvu zaidi, kwa sababu aliijibu sababu ya kwanza tu, ya khofu ya ibada. Sababu ya pili, ya kuiga uumbaji, haiondoki kwa kupita zama. Na hata ile ya kwanza, Italia yenyewe inashuhudia kwamba haijaondoka: watu hupiga magoti mbele ya masanamu hadi leo, na Kanisa lao katika mkutano wa Trento, mwaka 1563, lililazimika kutoa maamrisho juu ya upotofu katika kutumia taswira. Na Ferdinando wa marumaru aliwekwa pale kwa ajili ya nini kama si kutukuzwa?

Lakini Livorno inaongeza jambo ambalo sikuliona likijadiliwa na Sheikh Abduh wala na wapinzani wake. Wote walifikiri juu ya sanamu inayomtukuza mtu. Hawa wanne hawakutukuzwa. Mwili wa mtu, ambao Mwenyezi Mungu ameutaja kwa heshima katika Surat al-Israa, aya ya 70, umechukuliwa bila idhini yake ukafanywa pambo la ushindi wa mwingine. Mimi naona hii ni sababu ya tatu ya uharamu inayojitegemea, nayo ni udhalilishaji, na ingekuwa haramu hata katika mchoro usio na kivuli.

Hapo hapo inabidi nikiri kwamba karipio la Sheikh Abduh linatuuma. Mateka 1,500 wa Bona sura zao hazipo katika kitabu chochote chetu. Wanne hawa tunazijua sura zao, na mmoja tunajua lakabu yake, kwa sababu tu adui yao alifanya jambo lililoharamishwa. Wala kwenda kutazama na kujifunza si sawa na kutengeneza. Hukumu ya kutengeneza, ya kuweka na ya kutazama hazikuwa moja kwa wanavyuoni. Tabari amepokea kwamba Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.) alipoingia Madain aliswali katika jumba la Kisra na mlikuwa na masanamu ya plasta ya watu na farasi, naye hakuyaondoa.

Wajibu uliobaki shingoni

Suala la pili ni la mateka wenyewe. Kumwachia huru mateka kumeamrishwa katika hadithi ya Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) aliyoipokea Bukhari, na kukomboa shingo kumetajwa katika Surat al-Balad na katika mafungu ya Zaka kwenye Surat at-Tawba, aya ya 60. Imam Malik amepokewa akisema kuwa ni wajibu kwa watu kuwakomboa mateka wao hata kama itawatoa mali yao yote. Hii ni faradhi ya kutoshelezana: ikifanywa na baadhi imewaondokea wote, isipofanywa wamepata dhambi wote wenye uwezo.

Je, ilifanywa? Kwa baadhi, ndiyo. Jamaa waliuza mashamba, misikiti ilichangisha, na mateka walibadilishwa kwa mateka. Mashuhuri zaidi ni Sultani Muhammad bin Abdallah wa Morocco, aliyetawala kuanzia mwaka 1757 hadi 1790, ambaye aliwakomboa Waislamu bila kuuliza kama ni raia wake au wa nchi nyingine. Alimtuma waziri na mwanachuoni wake, Muhammad bin Uthman al-Miknasi, katika miaka ya 1781 hadi 1783, kwenda Malta na Naples kwa kazi hiyo, naye akaandika kitabu cha safari ambacho jina lake lenyewe linataja kuwafungua mateka. Alikwenda katika nchi ambayo jumba lake jipya la kifalme, lile la Caserta lililoanza kujengwa mwaka 1752 na ambalo ni katika fahari za sanaa ya Italia, lilijengwa kwa mikono ya watumwa Waislamu miongoni mwa wengine.

Kwa Livorno mambo yalikwisha mapema kidogo. Mwaka 1747 Toscana ilifanya mkataba wa amani na Dola ya Uthmania, ikafuatiwa na mikataba na tawala za Maghribi, na uwindaji wa baharini ukakosa uhalali. Watumwa wa mwisho wakatoka Bagno. Wa shaba wakabaki. Tangu Juni 2020, wakati watu wa Bristol huko Uingereza walipoitupa bandarini sanamu ya mfanyabiashara wa watumwa Edward Colston, suala la nini kifanywe na masanamu ya namna hii limekuwa likiulizwa tena Ulaya. Katika Livorno mgeni huonyeshwa mahali pa kusimama ambapo, wanasema, zinaonekana pua zote nne kwa mara moja. Ni mchezo wa watoto na watalii. Mimi ningependelea isibomolewe, ila liwekwe jina la Bona pale, na mwaka wake.

Limebaki suala ambalo mwanafunzi mmoja wa fiqhi anaweza kuliuliza: je, inajuzu kuwaswalia swala ya ghaibu? Katika madhehebu ya Shafii swala ya ghaibu inajuzu, lakini kwa sharti kwamba mwenye kuswali awe alikuwa miongoni mwa waliowajibikiwa na swala ya maiti siku aliyokufa huyo maiti. Baina yetu na wao kuna karne nne, kwa hiyo haijuzu. Dua haina sharti hilo. Na akisema msemaji kwamba huenda walibatizwa kabla ya kufa, kwani wako waliobatizwa katika Bagno ama kwa kutenzwa nguvu au kwa kutaraji nafuu, jibu ni kanuni ya istis-hab: lililothibiti hubaki juu ya lilivyokuwa mpaka ije yakini ya kuliondoa. Morgiano alitekwa akiwa Muislamu, na yakini hiyo haikutufikia. Basi huombewa rehema kama wanavyoombewa Waislamu wengine waliotangulia. Wallahu a'lam.